Iafoni za bei nafuu: kabla ya kuulizia besi, ulizia shingo

Siku ya tatu sikio la kushoto likaanza kuuma, yale maumivu madogo ya ndani ambayo huyasikii mpaka utafune kitu. Nilikuwa nimenunua iafoni mpya baada ya wiki nzima ya kusoma sifa zake: besi nzito, sauti iliyopangika, waya wa kuchomoa. Sifa zote zilikuwa za kweli. Kilichoachwa ni kwamba ile sehemu inayoingia sikioni, mimi naiita shingo, ilikuwa nene kama kidole cha mtoto mchanga. Nilipomrudia muuzaji akaniambia bidhaa za masikioni hazirudishwi, ni mambo ya usafi. Haya. Picha alizoweka zilionyesha boksi pande zote sita, iafoni yenyewe mara moja tu, tena kwa mbele, shingo isionekane.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia rangi, maiki wala kifuko. Maandishi ya "20 hadi 20,000 Hz", yaani kutoka sauti nzito hadi nyembamba kabisa, yako kwenye karibu kila boksi, la kitu kizuri na la takataka, basi hayakusaidii kuchagua. Ukubwa wa kispika cha ndani nao hausemi kitu: kuna cha milimita 6.4 kinachoimba vizuri kuliko vingi vya milimita 10. Unene wa shingo, ambao ndio ungenisaidia, hauandikwi kabisa.

Na shingo haihusiani na maumivu peke yake. Iafoni ya kuchomeka hutoa besi pale tu kipira, kile kikofia laini kinachovalishwa kwenye shingo, kinapoziba tundu la sikio. Ukibaki mwanya mdogo kati ya kipira na ngozi, sauti nzito zinapotelea hapo hapo, unabakiwa na zile nyembamba, na unaanza kulalamika kwamba iafoni inalia kama redio iliyoishiwa betri. Shingo ikiwa nene mno kwa sikio lako, unalazimika kuvaa kipira kidogo ili angalau iingie, na kipira kidogo hakizibi. Hapo unaongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidishe wastani wa desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, lakini mtu ambaye kelele za nje zinamwingia atajizuia vipi?

Jaribu hivi na ulizonazo sasa. Weka wimbo wenye gitaa la besi, kisha sukuma iafoni taratibu kwa kidole. Besi ikija ghafla, usiilaumu iafoni, badilisha kipira. Halafu fungua na ufunge mdomo uone kama kipira bado kinaziba, maana taya likicheza tundu la sikio nalo hubadilika umbo. Na masikio yako mawili si lazima yalingane. Mimi kulia navaa kipira cha kati, kushoto kidogo, na ilinichukua miaka kukubali kwamba inaruhusiwa.

Sasa mpangilio wangu wa iafoni za bei nafuu, na sijifichi: nina upendeleo.

Ya kwanza ni Final E1000. Final ni Wajapani, na katika bei za chini sijaona mwingine anayelifikiria sikio kama wao. Kiwiliwili chake ni kidogo, cha plastiki, chepesi kiasi kwamba unaweza kulala nazo (nimelala nazo, mara nyingi). Vipira vinakuja saizi tano, wakati wengi wanakupa tatu na kukuachia ujitegemee. Vyenyewe ni laini na shingo yake ni nyembamba. Sauti ni tulivu: mwimbaji anasikika mbele, besi ipo ila haimzibi mdomo. Mpenda besi ya kutetemesha ataiona ya upole mno, na ana haki. Kasoro kubwa ni waya, haungoki, ukikatika umekwisha. Pia ukiuacha uning'inie, kila ukigusa shati unasikia mkwaruzo. Uzungushe juu ya sikio, mkwaruzo unapungua sana. Anayetaka maiki aulizie E1000C, kwa sababu E1000 tupu haina. Ndugu yake E3000 ni ya chuma cha pua na sauti yake ni tamu zaidi, lakini nyuma ina matundu, jirani yako atasikiliza nawe, tena inadai simu yenye nguvu kidogo.

Ya pili ni Moondrop Chu II. Kwa sauti peke yake ningeiweka ya kwanza, nakiri. Iko safi, maneno ya wimbo unayapata yote, na waya unachomoka, jambo ambalo Chu ya mwanzo haikuwa nalo. Lakini ni ya chuma, asubuhi yenye baridi utaruka, na vipira vya boksini ni vya kawaida tu. Chu ya mwanzo ilikuja na vipira vizuri vya kampuni hiyo hiyo, ya pili wakaviondoa. Wameongeza waya, wamechukua vipira! Tenga fedha ya vipira vingine kabla hujaihukumu.

Ya tatu ni 7Hz Salnotes Zero 2. Besi yake inaridhisha kuliko hizo mbili na mtu wa dansi ataipenda. Shingo ni nene. Kama matundu ya masikio yako ni mapana, ipandishe hadi ya kwanza na uachane na kelele zangu. Kama ni madogo kama yangu, hata usijaribu.

Kampuni ya KZ wana matoleo mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Niliyoisikiliza vya kutosha ni ZSN Pro X: besi nyingi, sauti za juu kali, matoazi yanachoma. Wapo wanaoipenda hivyo. Zile zisizo na jina zinazotundikwa karibu na kaunta, nunua kama zako zimekatika safarini.

Jambo moja kwa wauzaji, na nitaendelea kulisema hadi nisikike. Wekeni picha ya iafoni kwa ubavu, shingo ionekane, pembeni yake rula. Mna nafasi ya kupiga picha ya kibandiko cha dhamana ambayo mtaikataa, hamna nafasi ya rula? Na vipira vya akiba uzeni kwa saizi moja moja. Kila nikitaka kidogo kimoja cha kushoto nalazimika kununua pakiti nzima, na sasa nina droo yenye vikubwa kumi na vinne ambavyo hakuna mtu nyumbani vinamwingia.