Uzoefu wangu na upanga wa Skyward Sword HD

Mi nimemaliza The Legend of Zelda: Skyward Sword HD kwenye Switch, ile konsoli ya Nintendo, wiki iliyopita, mwanzo mwisho kwa kupunga mkono, batani sikutaka, na nawaomba mnaoliacha gemu hili mapema mkisema upanga hausikii, jamani upanga unasikia, tena unasikia sana, shida tunaupunga kama tunafukuza nzi.

Gemu lilitoka 2011 kwenye Wii, konsoli ya zamani ya Nintendo, 2021 likaletwa Switch. Joy-Con ni zile kontrola mbili ndogo za Switch, ya kulia ndo upanga, ya kushoto ngao. Link, shujaa unayemchezesha, anashika upanga vile vile ulivyoweka mkono wako, na maadui wanaangalia umeweka wapi. Ule mmea Deku Baba ukifungua mdomo kwa upana unakata kwa upana, ukifungua wima unakata juu chini, ukikosea upanga unadunda. Bokoblin, adui mwingine, nae anakinga upande ule ule anaouona upanga wako.

Sasa Ghirahim, bosi wa kwanza. Yule alinitesa, nilikufa mara nne. Napunga kwa nguvu zote mpaka bega linauma na yeye anaudaka upanga kwa vidole tu. Siku ya pili nikatulia nikauangalia mkono wake, nikaona unafuata upanga wangu kila ninapoupeleka, bas nikaupeleka kushoto taratiiibu, mkono wake ukaja kushoto, afu fasta nikahamia kulia nikakata, ikaingia! Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni.

Hapo ndo nikagundua kosa langu lilikuwa nini. Ukivuta mkono nyuma kwa haraka ili ujipange, gemu linahesabu kule kuvuta ndo pigo lenyewe, kwahiyo Link anakata upande ambao hukutaka na wewe unasema kontrola mbovu. Jipange polepole, kata haraka. Kiwiko kikae karibu na mbavu, kazi ifanywe na kifundo cha mkono, na kamba ya Joy-Con uivae kabisa.

Ngao unaisukuma mbele kwa mkono wa kushoto pale pale adui anapopiga, ukichelewa inaliwa kidogo kidogo mpaka inavunjika.

Mabomu raha tupu, ukiinua mkono unarusha, ukielekeza chini unaviringisha, na ukikunja kifundo wakati unaachia linakwenda kwa kupinda. Ila kitu nilichokipenda kuliko vyote ni Beetle, kale kadude kanakoruka kama mende, unakaongoza kwa kuinamisha mkono tu, kanapita kwenye vitundu, kanakata kamba, kanakuletea vitu vya mbali, na baadae kakiboreshwa kanabeba hadi bomu unaenda kumwangushia mtu kichwani.

Kitu cha kuzoea ni kwamba ukicheza muda mrefu kielekezi, ile alama ya kulengea, kinahama, unajikuta unalenga ukutani. Nyoosha mkono kuelekea tivii ubonyeze Y, kinarudi katikati. Mi nilikuwa nabonyeza kabla ya kila pambano na sikusumbuka tena.

Batani zipo, unapiga upanga kwa stiki ya kulia, na ukishika Switch mkononi bila tivii ndo utatumia hizo. Nilijaribu nusu saa kwenye daladala. Inafanya kazi, ila ile stiki ndo ya kuzungushia kamera pia, mpaka ushikilie L kwanza, na ule mkono wa Ghirahim unaokufuata huusikii kabisa mwilini.