Soko la Majengo, Dodoma: je, linamfaa mpishi wa mgeni anayekula kosher?

Wenye nyumba za wageni na wapishi wa mikutano hapa Dodoma, wakiletewa mgeni Myahudi anayeshika kosher, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, hukimbilia supamaketi kutafuta vitu vya pakiti. Anza Majengo. Kwa chakula cha namna hii soko linaishinda rafu, mradi ununue kitu kizima, kibichi, ambacho hakijapita kwenye kisu wala mashine ya mtu.

Samaki ndio sababu kubwa ya kwenda. Sheria inataka mapezi na magamba, tena magamba yanayobanduka bila kuchana ngozi. Perege na sato wanapita. Kambale hana gamba hata moja, huyo muache. Balaa liko kwenye kisu: muuzaji akishapasua kambale anakifuta kwa kitambaa kisha anaingia kwa perege wako, na mafuta yanahama. Nenda na kisu kipya na kibao chako, umwombe akuparie hapo hapo, au mchukue mzima ukampare jikoni. Minofu iliyochunwa ngozi usinunue hata muuzaji akiapa ni sato, kwa sababu ushahidi umeshatupwa pamoja na magamba.

Kisu hichohicho kinaharibu kachumbari. Matunda mengi yakikatwa kwa kisu cha wote yanaweza kuoshwa, lakini kitunguu, pilipili na ndimu, kwa ukali wao, huhesabiwa kuwa vinavuta ladha iliyokwama kwenye chuma. Nunua kitunguu kizima.

Mboga za majani ni bei rahisi na kazi nyingi. Mdudu anayeonekana kwa jicho ni mwiko mzito; kwa hesabu ya makatazo anaweza kumzidi hata nguruwe. Chambua mchicha jani moja moja, loweka dakika chache kwenye maji yenye sabuni kidogo ya vyombo, suuza kila jani pande zote mbili chini ya bomba, kisha litazame kwenye mwanga. Kabichi huficha wadudu katikati, kwa hiyo ifumue yote. Mlenda mkavu wa kusaga, pamoja na utamu wake, hauna namna ya kukaguliwa. Mchele na maharage vichague, unga uchekeche kwa chekeche la matundu madogo. Asali mbichi isiyochanganywa inaruhusiwa, ingawa nyuki mwenyewe haliwi.

Mayai vunja moja moja kwenye glasi. Lenye tone la damu linatupwa, na kwa mayai ya kienyeji, palipo na jogoo, tarajia zaidi.

Nyama ya bucha isahau. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaruhusiwa kwa kuwa wanacheua na kwato zao zimepasuka, lakini kuchinjwa kihalali kwa Waislamu hakumalizi sharti la Kiyahudi. Anatakiwa mchinjaji Myahudi aliyefunzwa, kisu kisicho na pengo hata la kunasa ukucha, mapafu yakaguliwe, mshipa mkubwa wa fahamu wa paja na mafuta fulani yaondolewe. Halafu nyama inalowekwa nusu saa, inatiwa chumvi ya mawe saa nzima ichuje damu, inasuuzwa mara tatu. Damu ya maini haitoki kwa chumvi, hivyo maini huchomwa motoni.

Zabibu za vishada ni sifa ya mji huu, na mgeni atazila kwa furaha. Mvinyo wake ndio mtihani. Tangu zabibu zinapokamuliwa hadi chupa kufungwa, inatakiwa ishikwe na Wayahudi wanaotunza Sabato. Ikishapikwa kwa joto la kutosha ndipo yeyote anaweza kuimimina. Juisi ya zabibu, siki ya mvinyo na brandi vinafuata kanuni hiyohiyo, kwa hiyo chupa ya hapa isiyo na muhuri wa kosher usimwekee mezani, hata kwa ukarimu.

Supamaketi inabaki kwa vitu vya kiwandani, kama mafuta yaliyosafishwa na biskuti. Tafuta muhuri wa U ndani ya duara, wa Orthodox Union, shirika la Kiyahudi la Marekani linalothibitisha vyakula vya kosher. Ukifuatwa na D, kuna maziwa au mashine ya maziwa, hivyo hakiliwi na nyama. Herufi P maana yake kimeruhusiwa Pasaka ya Kiyahudi. Wengi hudhani ni chakula kisicho na nyama wala maziwa. K peke yake si muhuri wa shirika lolote maalumu, yeyote anaweza kuichapa.

Jikoni tumia sufuria mpya. Muulize mgeni kama ataitumbukiza kwanza kwenye maji ya asili, maana wengi hufanya hivyo kwa vyombo vya chuma na glasi. Chungu cha udongo kilichokwisha pika vya kwenu hakisafishiki. Na mwache mgeni awashe jiko mwenyewe: kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya hilo kwa kawaida linatosha ili wale chakula ulichopika wewe, wale wa asili ya Mashariki watataka pia kuinjika sufuria wenyewe.

Alama kwa Majengo: samaki na mazao nne kwa tano, vilivyokatwa tayari sifuri.