Vitabu vya kuwacheka Wafaransa: angalia mwaka kabla ya jalada

Wanaonunua vitabu vya vichekesho kuhusu Ufaransa hulalamika jambo lile lile. Jalada ni jipya, limechorwa mnara wa Eiffel na jamaa mwenye mkate mrefu kwapani, lakini kurasa chache tu ndani unakuta watu wanalipia kahawa kwa faranga, fedha ya Ufaransa ya kabla ya euro. Tangazo la muuzaji lilisema 2015. Hakudanganya, maana kitabu kilichapwa 2015. Kisa chenyewe ni cha miaka ya themanini.

Idadi ya kurasa au ubora wa jalada tuwaachie wengine. Na kama kitabu kinachekesha au hakichekeshi, hilo kila mtu na mbavu zake. Kinachosahaulika ni mwaka wa kisa. Utani juu ya Wafaransa umesimama juu ya tabia na juu ya taratibu. Tabia hazizeeki: mabishano ya mezani, karani anayekurudisha nyumbani ukalete karatasi nyingine, fundi anayeahidi Jumanne bila kusema Jumanne ipi. Taratibu na bei ndizo zinazochacha, na msomaji asiyejua mwaka hucheka pasipochekesha na kupitwa na pale penyewe.

Tarehe za kukaa nazo kichwani ni hizi. Noti na sarafu za euro zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2002, na faranga ikakoma kuwa fedha halali Februari 17 mwaka huo. Bei yoyote ya faranga igawe kwa 6.55957, kwa hiyo fundi anayedai faranga 1,000 anataka euro 152 na ushee. Lakini kama kitabu ni cha kabla ya Januari 1960, hizo ni faranga za zamani, na 100 kati yake ziligeuzwa kuwa faranga mpya moja. Faranga 5,000 za kitabu cha 1959 ni mpya 50, yaani euro 7.62 kwa hesabu ya kubadilisha tu, bila kugusa kupanda kwa gharama za maisha. Asiyejua hili atadhani kila mhusika ni tajiri. Sigara ndani ya mikahawa zilipigwa marufuku Januari 2008, hivyo moshi wote wa ndani unaousoma ni wa kabla ya hapo. Wanafunzi walipumzika Alhamisi hadi 1972, ndipo mapumziko yakahamia Jumatano.

Mwaka huo unaupataje? Katika vitabu vya Kiingereza fungua nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, utafute mstari wenye "First published". Huo ndio mwaka wako. Safu ya namba kama 10 9 8 7 6 5 inahesabu chapa tu: namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa uliyoshika. Kikiwa ni tafsiri, tafuta jina la asili na mwaka wake, kwa sababu mwaka wa tafsiri unaweza kuchelewa kwa miongo. Vitabu vya Kifaransa vina mtego zaidi: ukurasa wa mwisho kabisa una "Achevé d'imprimer" na tarehe ya siku mtambo ulipomaliza kazi. Wauzaji wengi huchukua tarehe hiyo na kuibandika kwenye tangazo. Wewe rudi mwanzoni kwenye alama ya haki miliki, ndiko uliko mwaka unaoutaka.

Sasa orodha, na upendeleo sifichi. Namba moja ni Présence Africaine, nyumba ya uchapishaji ya Alioune Diop iliyoanza na jarida mwaka 1947 na kuingia kwenye vitabu 1949. Duka lao liko 25 bis rue des Écoles, wilaya ya tano ya Paris. Kitabu cha kununua ni Un nègre à Paris cha Bernard Dadié wa Ivory Coast, 1959. Tanhoé Bertin anapata tiketi ya kwenda Paris, kisha anawachunguza wenyeji kwa jicho lile lile ambalo maofisa wa kikoloni waliwachunguza Waafrika: wanavyokimbilia treni za chini ya ardhi kana kwamba kuna moto, wanavyobusiana njiani, wanavyotukuza wafalme wao waliokufa. Hapa mwaka haukiharibu kitabu, ndio unaokipa makali. Ivory Coast ilipata uhuru Agosti 1960, kwa hiyo anayeandika "Mparisi ana desturi hii na hii" bado yuko chini ya utawala wa huyo huyo Mparisi. Kinakwenda kama barua ndefu kwa rafiki, basi usikisome kwa kurukaruka. Msomaji wa Lubumbashi, Bujumbura au Kigali anayejua Kifaransa achukue cha asili. Tafsiri ya Kiingereza, An African in Paris, ilitoka 1994 kwa mchapishaji wa chuo kikuu, na bei za wachapishaji hao hupangwa kana kwamba wanunuzi ni maktaba peke yake.

Nyumba hiyo hiyo ilitoa Bleu-Blanc-Rouge cha Alain Mabanckou mwaka 1998. Kijana wa Kongo anamfuata Paris mwenzake anayerudi likizo na suti za kutisha, na anayoyakuta huko si ya kwenye suti. Kicheko chake ni kichungu. Anayetaka kucheka zaidi anunue Black Bazar cha mwandishi huyo huyo, kilichotoka kwa mchapishaji Seuil 2009. Hiki nakiweka namba mbili. Ni kitabu cha enzi ya euro: mtanashati wa Kikongo aliyeachwa na mwanamke wake, baa ya Jip's karibu na Les Halles, jirani wa Martinique anayewachukia Waafrika kuliko anavyowachukia Mzungu yeyote, na Mwarabu mwenye duka la kona anayehutubia kuhusu umoja wa Afrika huku akipima bidhaa. Anayedhani Ufaransa ni mashamba ya zabibu tu aanzie hapa. Tahadhari moja: msimulizi ana mdomo mchafu, hasa akiwazungumzia wanawake, kwa hiyo si zawadi ya mtoto wa shule.

Ya mtoto wa shule, na ya mtu mzima anayejifunza Kifaransa, ni Le Petit Nicolas cha René Goscinny, michoro ya Sempé. Namba tatu. Sentensi ni za mtoto, ndefu lakini nyepesi, na kila kisa kina kurasa chache. Alceste anakula muda wote, Agnan huwezi kumpiga kila unapotaka kwa sababu anavaa miwani, Eudes ana nguvu na anapenda kutwanga pua za watu. Ila hapa ndipo mwaka unawatega wengi. Vitabu vitano vya awali vilitoka kati ya 1960 na 1964. Mwaka 2004 likatoka buku nene la visa ambavyo havijawahi kuingia kitabuni, na wauzaji hulitangaza kama Nicolas mpya. Visa ni vya zamani zile zile, na Alhamisi ya mapumziko imo. Pia Joachim a des ennuis na Le Petit Nicolas a des ennuis ni kitabu kimoja chenye majina mawili. Watu wamevinunua vyote viwili.

Kwa majina mawili, Stephen Clarke naye anaumiza. A Year in the Merde, 2004, ni riwaya: Paul West, Mwingereza, anaajiriwa Paris kufungua vibanda vya chai. Waingereza na Wafaransa ni watani wa jadi, na Clarke anaujua utani huo hadi kwenye mifupa: migomo, mavi ya mbwa njiani, mikutano ya ofisini isiyoamua kitu. Pesa ni euro, lakini moshi wa sigara bado upo. Kilichofuata kinaitwa Merde Actually Uingereza na In the Merde for Love Marekani. Ukiagiza pande zote mbili umelipia kitabu kile kile mara mbili. Mfululizo unapungua ladha kadiri unavyosonga. Chukua cha kwanza, kisha uruke hadi Talk to the Snail cha 2006, ambacho si riwaya bali amri kumi za kuwaelewa Wafaransa, na kina manufaa kwa anayekwenda kuishi kule.

A Year in Provence cha Peter Mayle, 1989, ndicho kinachouzwa kila mahali na ndicho kinacholalamikiwa zaidi, kwa sababu faranga zimejaa. Kimepangwa Januari hadi Desemba. Sura za baridi ndizo bora: upepo wa mistral, mabomba yanayopasuka, fundi bomba Menicucci mwenye nadharia ya kila kitu, jirani Massot anayepika mbweha. Sura za wageni wanaojialika kiangazi hazizeeki hata kidogo. Ukinunue ukijua kwamba Luberon hiyo ya kimya, eneo la Provence alikoishi Mayle, ilikwisha, tena kwa sababu ya kitabu chenyewe: wasomaji walianza kuitafuta nyumba ya Mayle hadi akahama.

Me Talk Pretty One Day cha David Sedaris, 2000, nakishusha hadi mwisho kwa sababu nusu ya kwanza ni ya Marekani. Darasa la Kifaransa, hasa wanafunzi wanavyojaribu kueleza Pasaka kwa maneno machache waliyo nayo, ni la kukatisha pumzi. Kiazime.

Vya bure: Lettres persanes ya Montesquieu, 1721, na sura za Paris katika The Innocents Abroad cha Mark Twain, 1869. Vyote viko Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni.

Kuhusu bei, Ufaransa ina sheria ya Agosti 1981 inayompa mchapishaji haki ya kupanga bei ya kitabu, na duka haliruhusiwi kupunguza zaidi ya asilimia 5. Kwa hiyo kuzunguka maduka matano kutafuta nafuu ya kitabu kipya ni kuchosha miguu. Tangu Oktoba 2023, kitabu kipya kikiagizwa mtandaoni na kupelekwa nyumbani kule kule Ufaransa, usafirishaji wake hauwezi kuwa chini ya euro 3 kama oda haijafika euro 35. Mwenye ndugu Paris ampe orodha nzima kwa mara moja.

Wauzaji wa mitumba ya vitabu ndio wanaokera kwa kweli. Picha ya tangazo imetolewa mtandaoni na ni ya toleo jingine, "hali nzuri sana" maana yake kurasa bado hazijadondoka, na ukiuliza mwaka wa kwanza wa kutoka unajibiwa bei. Kabla ya kutuma pesa dai picha tatu za nakala yenyewe: jalada, nyuma ya ukurasa wa jina, na ukurasa wa mwisho. Anayekataa kupiga picha ya pili, achana naye.