Mkanda wa mabega mawili wa mashine ya kufyekea: mikono imepumua, mgongo unatoka jasho

Kazi yangu ni kufyeka mashamba ya mikorosho huku Newala kwa mashine ya petroli, na kazi yenyewe huja kwa mkupuo, maana kila mwenye shamba anataka majani yaishe kabla ya kuanza kupuliza dawa ya salfa. Ukishika mashine kutwa nzima, jioni vidole vinakufa ganzi na kifundo cha mkono kinavuta hadi kwenye kiwiko. Wakongwe wa kazi hii, asubuhi za baridi, vidole vinawapauka kabisa.

Mkanda uliokuja na mashine ni wa bega moja. Unazuia tu isidondoke. Uzito wote unabaki mikononi. Huu wa mabega mawili nimeununua Masasi kwa shilingi 45,000. Unapita mabega yote mawili, unafungwa kifuani na kiunoni, na una bamba la sponji pajani pa kuegemeza mashine. Ukiupima vizuri, injini ikiwa imezimwa, unaachia mpini na bledi inaning'inia yenyewe karibu na majani. Raha yake iko hapo: mikono inaelekeza tu, haibebi. Asiyebeba hakazi ngumi, na ngumi isipokazwa mtetemo hauingii sana mkononi.

Muuzaji akanipachikia na glavu zenye jeli kiganjani, 20,000 nyingine. Hizo sizisifii. Ni nene mno, mpini unalazimika kuukamata kwa nguvu zaidi, yaani kinyume cha nilichozinunulia. Glavu za kupunguza mtetemo zina kipimo chake, ISO 10819; kwenye zangu sijakiona, si kwenye lebo wala kwenye mfuko. Nazivaa kwenye ukungu wa asubuhi tu, vidole vipate joto.

Kasoro za mkanda: sponji ya mgongoni inanywa jasho hadi inanuka, na kishikizo cha kifuani ni plastiki nyepesi ambayo siipi misimu mingi. Kabla hujalipa, vuta utepe mwekundu wa dharura mbele ya muuzaji. Mkanda usipoiachia mashine papo hapo, mrudishie.

Halafu mkanda hautibu mashine mbovu. Bledi ikipinda, au raba kati ya injini na bomba refu linalokwenda kwenye bledi zikichoka, utatetemeka tu. Anza kwa fundi. Na mwenye ekari moja anayefyeka mara mbili kwa mwaka, mkanda wa bega moja unamtosha, hela hiyo aongezee petroli.