Faharasa ya GiST ya PostGIS: kasi ipo, mradi ulizo liandikwe sawasawa

PostGIS, nyongeza ya kijiografia ya hifadhidata ya PostgreSQL iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, ina mengi ya kutathminiwa, lakini hapa naipima kwa jambo moja: jinsi faharasa yake ya GiST, yaani orodha saidizi ya kutafutia data, inavyoharakisha utafutaji kwa majiranukta (latitudo na longitudo).

Wengi huanza kwa kuhifadhi latitudo na longitudo katika safu mbili za namba, kisha huziwekea faharasa ya kawaida ya B-tree. Faharasa hiyo hupanga data kwa mfuatano mmoja tu, kwa hiyo sharti la latitudo likishatimizwa hubaki ukanda unaoizunguka dunia nzima, na vyote vilivyomo hubidi vikaguliwe. GiST ya PostGIS hufuata muundo wa R-tree, uliobuniwa na Antonin Guttman mwaka 1984: nukta jirani hukusanywa katika mistatili, na mistatili hiyo katika mingine mikubwa zaidi, hivyo eneo lisilohusika hurukwa lote kwa mkupuo. Katika jedwali lenye mamilioni ya nukta, sioni sababu ya kung'ang'ania njia ile ya kwanza.

Hata hivyo, chombo hiki hakimbembelezi mtumiaji. Anayechuja kwa kupima umbali, yaani ST_Distance(mahali, nukta) < 5000 hupata jibu sahihi, ila jedwali lote husomwa. Akiandika ST_DWithin(mahali, nukta, 5000), inayouliza kama viwili hivyo vimo ndani ya umbali huo, faharasa hufanya kazi. Amri ya EXPLAIN, inayoonyesha jinsi hifadhidata itakavyotekeleza ulizo (amri ya kutafuta data), humaliza ubishi, kwani Seq Scan (usomaji wa jedwali lote) juu ya jedwali kubwa huonyesha kuwa faharasa imeachwa kando.

Mtego mbaya zaidi umo katika aina ya data. Safu ikiwa geometry (aina inayohesabu kama juu ya bapa) yenye SRID 4326, yaani namba ya mfumo wa latitudo na longitudo, ile 5000 huhesabiwa kuwa nyuzi, si mita, na ulizo hurudisha dunia nzima bila kulalamika. Aina ya geography hupima kwa mita, japo hesabu zake ni nzito zaidi. Kuigeuza safu ndani ya ulizo kwa ::geography pia hakutoshi: faharasa iliyojengwa juu ya geometry haitatumika, mpaka ijengwe nyingine juu ya ugeuzaji huohuo. (Na longitudo hutangulia latitudo, kinyume cha mazoea ya wengi.)

Faharasa ikiwepo, uingizaji wa data hupungua kasi kidogo, gharama ambayo naiona ya haki. Kwa data kubwa mno iliyokwisha kupangwa kimaeneo, BRIN, faharasa ya aina nyingine inayohifadhi muhtasari tu wa kila fungu la data, huchukua nafasi ndogo zaidi kwenye diski.