Ukuta Ukiondoka, Kazi Yake Inabaki: Uchambuzi wa Vifaa vya Jiko na Bafu la Wazi

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo ninachambua vifaa vinne vinavyouzwa kwa watu wanaotaka jiko lililoungana na sebule au bafu lililoungana na chumba cha kulala: kifyonza moshi, mlango wa kioo unaoteleza, mfereji mwembamba wa kutolea maji sakafuni, na kioo kinachobadilika kwa umeme. Ukuta mnaokusudia kuubomoa ulikuwa ukizuia harufu, kelele, mvuke na macho ya watu. Kwa hiyo kila kifaa nitakipima kwa swali moja tu: kinarithi kazi ipi kati ya hizo, na kinaifanya vizuri kiasi gani?

Nitaanza na kifyonza moshi, na hapa nitakawia, kwa kuwa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Kwangu nilifunga kile kinachochuja hewa kwa mkaa na kuirudisha chumbani, kwa sababu tu sikutaka kutoboa ukuta wa nje. Kichujio cha mkaa hupunguza harufu kwa muda, lakini hakiondoi unyevu hata kidogo, na kikishajaa hakina faida yoyote mpaka kibadilishwe. Baada ya miezi michache mapazia ya sebuleni yalinuka mafuta ya kukaangia. Katika jiko lenye mlango kifaa cha namna hiyo kinavumilika. Katika jiko la wazi siwashauri kabisa.

Chagueni kinachotoa hewa nje, kisha mtazame uwezo wake. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba hewa ya chumba ibadilishwe angalau mara 10 kwa saa. Jiko la mita za mraba 12 lenye dari ya mita 2.5 lina mita za ujazo 30, hivyo huhitaji mita za ujazo 300 kwa saa. Mkiliunganisha na sebule ya mita za mraba 30, hesabu inapanda hadi mita za ujazo 1,050 kwa saa, na mashine yenye nguvu hiyo hunguruma kiasi cha kuwafanya waliokaa sebuleni wapaze sauti. Ndiyo maana naona ni afadhali kuukamata moshi kabla haujasambaa kuliko kuufukuza ukiwa umekwisha enea. Kifyonza moshi kiwe kipana kuliko meko, kining'inie kati ya sentimita 65 na 75 juu yake kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, na bomba lake liwe fupi, gumu, lenye kona chache. Meko yakiwa kwenye kaunta ya katikati ya chumba, mahali pasipo na ukuta wa nyuma wa kuuelekeza moshi juu, upana huo uongezwe zaidi. Kumbukeni pia kwamba hewa inayotolewa lazima iingie nyingine mahali pake. Nyumba ikiwa imefungwa kila upande na ndani mna hita ya gesi yenye dohani, kifyonza chenye nguvu kinaweza kuvuta gesi yenye sumu na kuirudisha ndani.

Kuhusu kelele nitakuwa mfupi. Ongezeko la desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) sikio hulisikia kama sauti iliyokuwa kubwa maradufu, kwa hiyo mashine ya kuosha vyombo ya desibeli 42 na ile ya desibeli 52 ni vitu viwili tofauti kwa mtu anayesoma hatua chache kutoka hapo.

Mlango wa kioo unaoteleza ndio kifaa ninachokipa alama za juu leo. Wazo lake si jipya. Jiko maarufu la Frankfurt, Ujerumani, lililosanifiwa na msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926, lilikuwa na upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu, lakini lilikuwa na mlango wa kuteleza uliolifungulia chumba cha kuishi. Mlango kama huo unapitisha mwanga wakati wote, na moshi mnauzuia kwa dakika zile tu unapofuka. Hakikisheni una mpira wa kuziba pembeni, kwani bila mpira huo harufu hupenya kama kwamba mlango haupo.

Sasa bafuni. Mfereji mwembamba unaowekwa kando ya ukuta huwezesha sakafu kuinama upande mmoja tu, takriban sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, hivyo vigae vikubwa hutandazwa bila kukatwakatwa, tofauti na tundu la katikati linalodai miteremko minne. Ni kifaa kizuri, ila hakizuii maji yasipenye chini. Kazi hiyo ni ya utando usiopitisha maji ulio chini ya vigae, na katika bafu lisilo na kizingiti utando huo unapaswa kuvuka eneo la kuogea na kupanda ukutani. Fundi akiuruka, hakuna mfereji utakaookoa sakafu ya chumba cha kulala.

Mwisho ni kioo cha umeme. Umeme ukipita kinakuwa angavu. Ukikatika kinakuwa cheupe kama maziwa, na huo ni mpangilio wa busara, kwani hitilafu ikitokea aliye ndani haonekani waziwazi. Pamoja na hayo, mtu akisimama karibu nacho huku taa ikiwaka nyuma yake, kivuli chake huonekana, na kwa upande wa sauti na harufu hakina tofauti kubwa na kioo cha kawaida. Kwa beseni la kunawia na sehemu ya kuogea nakikubali, mradi kuwe na feni inayoendelea kutoa mvuke dakika 15 au zaidi baada ya kuoga. Kwa choo ninakikataa: hapo wekeni mlango mzito wa mbao unaofunga sawasawa, ambao isitoshe ni wa bei ndogo kuliko kioo hicho.