TAHADHARI: Anauza chumvi ya mawe ndani ya ndoo ya chumvi ya matumbawe

Ndugu zangu mnaofuga matumbawe kwenye matangi, hasa mnaoanza, naandika hapa nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja. Kuna mtu anauza "chumvi ya matumbawe", ile ya kutengenezea maji ya bahari ya tangi, kwa simu na kuituma kwa basi mpaka Mtwara na Lindi. Ni mwizi. Ndoo ya kilo 20 anaiuza shilingi 285,000, na ndani yake kuna chumvi ya mawe, ile ile tunayotilia ng'onda huku kwetu kusini.

Chumvi yangu ilikuwa imeniishia, na yule aliyekuwa akiniletea haleti tena. Ndipo nikampata huyu.

Sikumtumia hela hivihivi. Nilimpigia kwa video. Akapokea akiwa kwenye chumba chenye matangi mawili nyuma yake, taa za bluu zinawaka, pampu nazisikia kabisa. Nikamwambia nataka kuona chumvi inavyoyeyuka. Akachota kwa kikombe, akamimina kwenye ndoo ya maji, akakoroga kwa mwiko huku akiniambia, "Subiri dada yangu, chumvi nzuri haina haraka." Akadondosha tone kwenye kioo cha refraktomita, kile kifaa cha kupimia ukali wa chumvi majini, akakifunika, akaielekeza dirishani, akasogeza kamera mpaka kwenye tundu la kuchungulia. Mstari wa bluu nikauona kwa macho yangu umekata kwenye 35. Thelathini na tano! Chumvi ya bahari yenyewe.

Nikamuuliza madini. Akajibu bila kusoma popote: kalsiamu 430, alkaliniti (akiba ya kaboneti majini) 8.5, magnesi 1,350. Hizo ndizo namba anazozitafuta kila mwenye matumbawe magumu. Akaniuliza maji ya kuchanganyia nayachuja vipi, akanikataza kabisa maji ya bomba. Sasa mtu anayeongea hivyo unamshuku kwa lipi? Nani kati yenu asingemwita mwenzetu? Akamalizia, "Basi linatoka alfajiri dada, ukilipa sasa hivi nakuwahishia." Nikalipa.

Mzigo niliuchukua stendi ya Mkanaledi. Ndoo ina sili, lebo inang'aa. Nikachanganya, nikapima, 35 tena. Nikabadilisha maji ya tangi, na zamu iliyofuata nikabadilisha tena.

Polipu, vile vijidudu laini vya tumbawe, zikaacha kutoka. Halafu akropora yangu ya kijani, tumbawe gumu, ile iliyokuzwa kwenye tangi na kuja na vibali vyake vyote, ikaanza kuchunika ngozi kuanzia chini, mfupa mweupe ukaonekana, na kila asubuhi weupe umepanda juu zaidi. Nikafikiri ni joto, kwa huu umeme wetu. Joto lilikuwa 26. Nikapima maji ya tangi: kalsiamu 290, alkaliniti 4. Mikono ikanilegea.

Nikapima maji mapya, yaliyo kwenye ndoo safi, hayajagusa tangi. Kipimo cha kalsiamu kinatakiwa kibaki na rangi ya waridi kwa matone mengi kabla ya kugeuka bluu. Hiki kiligeuka matone ya mwanzo tu. Cha alkaliniti, tone la kwanza, njano, yaani karibu hakuna kitu!

Aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi atanielewa. Maji ya bahari yakikauka juani, chokaa inatangulia kutuama, inafuata jasi, ndipo chumvi ya kula inaganda, na magnesi sehemu kubwa inabaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa. Kinachovunwa ni chumvi karibu tupu. Refraktomita haiwezi kukuonyesha hilo. Inapima mwanga unavyopinda, haijui kilichoyeyuka ni nini. Na tumbawe gumu linajenga mfupa wake kwa kalsiamu na kaboneti, huku magnesi ikivizuia visigandiane ovyo majini. Ukilitia kwenye maji yale ni kama fundi umemletea mchanga bila saruji.

Nilipompigia akathubutu kuniambia, "Dada, tatizo ni maji yenu ya Mtwara." Nikamtumia video ya kipimo. Akaitazama, akanibloku.

Huyu akamatwe! Namba yake nimeshaituma 15040, ya kuripoti matapeli wa simu, na jalada nimefungua polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili ya watu kama hawa. Arudishe kila shilingi ya kila mtu, na afungwe, maana viumbe vilivyokufa kwenye matangi ya watu havirudishiki. Sitaki kusikia habari za "tumsamehe, kijana anatafuta maisha".

Dalili zake, kwa haraka. Punje ni kubwa, zina unyevu, zimeshikana. Chumvi halisi ya matangi ni laini na kavu. Lebo ukiisugua kwa kidole kibichi, wino unatoka. Namba ya toleo hakuna. Atakuonyesha 35 mara kumi, ila mwambie apime kalsiamu mbele ya kamera uone mtandao unavyokatika. Na atakwambia ana vijana wa kukutolea matumbawe hai Msimbati kwa bei ya kutupa. Mimi nilimkatalia pale pale: ile ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, imelindwa tangu mwaka 2000.

Mlionunua, msitie tena hata kijiko. Changanyeni kidogo pembeni, mpime kalsiamu, alkaliniti na magnesi, vyote vitatu. Tangi likiwa limeshashuka msilipandishe kwa pupa; alkaliniti isizidi kupanda dKH 1 (kipimo kilekile cha ile 8.5) kwa siku, na kalsiamu na magadi soda msivimwage pamoja, vitaganda vyeupe mbele ya macho yenu. Mimi nabadilisha maji kidogo kidogo kwa chumvi aliyonigawia mwenzetu wa Lindi, Mungu ambariki. Akropora sijui kama itapona.

Mwenye ujumbe wa malipo na picha ya ndoo yake anitumie leo, nipeleke kwenye jalada. Tukiwa wengi kesi inakuwa nzito.